Uzi: Picha ya mama wa vidole viwili iliyokaa sebuleni kwetu Moshi

#1 Ndizi Mshare (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Juzi tulikuwa tunahamisha vitu vya mzee pale nyumbani Soweto, Moshi, fundi wa dari alikuwa anaingia. Nyuma ya kabati la vyombo nikakuta bomba la plastiki, yale ya kubebea ramani. Kufungua, namkuta yule mama. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi.

Baba alisomea uhandisi Moscow miaka ya sabini, pale Chuo cha Patrice Lumumba. Alirudi na cheti, koti zito ambalo hata baridi ya Julai ya Moshi haikufikia hadhi yake, na bango la picha hii. Likabandikwa sebuleni juu ya redio, na mimi nimekua nikiliogopa. Wageni walidhani ni mambo ya Agano la Kale.

Picha inaitwa Boyarina Morozova, imechorwa na Vasily Surikov, ikamalizika mwaka 1887. Tukio lenyewe ni la Novemba 1671. Mtaa wa Moscow, theluji kila mahali, siyo hii ya Kibo tunayoiona kwa mbali kama chumvi, ni ile ya kukanyagwa na kuchafuka. Katikati inapita sleji, kigari cha mbao kisicho na magurudumu, cha kubebea kuni na nyasi. Juu ya nyasi amekaa mama mwenye nguo nyeusi, uso mweupe kama karatasi, mikono ina minyororo, na mkono wa kulia ameunyanyua juu kabisa: vidole viwili.

Watu wamejaa pande zote. Kushoto wanacheka. Kuna padri amevaa koti la manyoya, amefungua mdomo anacheka, na ukimwangalia vizuri meno yamebaki ya kuhesabu. Kulia ndiko kwenye shughuli. Mwanamke ombaomba amepiga magoti, msichana ameinamisha kichwa, na chini kabisa kwenye kona kuna mtu amekaa peku juu ya theluji, nguo matambara, shingoni mnyororo, naye ananyanyua vidole viwili kumjibu yule mama. Warusi walikuwa na watu wa namna hiyo na waliwaheshimu, wanaitwa wapumbavu kwa ajili ya Kristo, kama Paulo alivyowaandikia Wakorintho.

Nilichotaka kusema ni hiki. Utoto wangu wote nilimtazama yule mama. Juzi kwa mara ya kwanza nikatazama waliosimama pembeni, nikamwelewa bibi yangu. Ya bibi nitakuja nayo, ngoja kwanza nile.

#2 Kijana wa Majengo

Uzi bila picha ni hadithi ya sungura. Weka picha mkuu.

#3 Ndizi Mshare

Simu yangu kamera imekufa. Andika jina la mchoraji, utaiona. Ila ya kwenye simu itakudanganya: yenyewe ina urefu wa mita 3 kwenda juu na karibu 6 kwenda pembeni. Ukuta wa sebule yako hautoshi.

#4 Mpenda Mtori

Nimeitazama. Sasa mkuu, huyo malkia kosa lake ni nini? Usiniambie ni hivyo vidole.

#5 Ndizi Mshare

Ni hivyo vidole. Kaa vizuri.

Kanisa la Urusi ni la Kiorthodoksi, wenzao wa Wagiriki. (Wale Wagiriki wa mashamba ya kahawa na mkonge wa enzi za mkoloni, wazee wa Arusha na Moshi wanawakumbuka.) Warusi kwa mamia ya miaka walifanya ishara ya msalaba kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, maana Kristo ana asili mbili, ya Mungu na ya mtu. Vile vitatu vinavyobaki unavikutanisha, ndiyo Utatu. Mwaka 1551 mkutano wa kanisa pale Moscow ukaamua kabisa kwamba asiyejisaini kwa viwili alaaniwe.

Halafu mwaka 1652 akaja Patriaki, yaani mkuu wa kanisa, anaitwa Nikon. Akalinganisha vitabu vya Kirusi na vya Kigiriki, akaona havifanani, akaamuru virekebishwe. Vidole viwe vitatu. Haleluya iimbwe mara tatu badala ya mbili. Jina la Yesu liongezwe herufi moja. Maandamano ya kuzunguka kanisa yaache kufuata jua, yaende kinyume. Na Tsar (mfalme wa Urusi) Alexei Mikhailovich alikuwa nyuma yake.

Sasa fikiria wewe ni mkulima, hujui kusoma. Mama yako alikushika mkono ukiwa na miaka mitatu akakukunja vidole hivi. Amekufa akiwa amevikunja vilevile kifuani. Leo anakuja mtu anasema vile ni kosa. Kwa hiyo mama yuko wapi? Swali lenyewe lilikuwa hilo, Kigiriki hakikuwa na uhusiano.

Kichekesho ni kwamba Baraza Kuu la kanisa la mwaka 1666 na 1667 lilimvua Nikon cheo chake, mwenye mageuzi, halafu likayabakiza mageuzi na kuwalaani waliokataa. Aliyewasha moto katolewa, moto umeachwa uwake. Waliokataa wakaitwa Waumini wa Kale, na ndio hao akina Morozova.

#6 Mpenda Mtori

Aisee. Herufi moja.

#7 Meku Mstaafu

Kijana Ndizi, salamu kwa baba yako, huenda tulipanga foleni moja ya mkate. Mimi pia nilisoma kule, na picha hiyo nimeisimamia mbele pale Tretyakov, makumbusho ya Moscow. Tulipelekwa na mwalimu wa lugha, mama mnene mkali. Alisema: leo hakuna sarufi, tazameni tu.

Nisahihishe kidogo. Si malkia. Boyarina ni mke wa mkubwa, tuseme wa ngazi ya juu kabisa chini ya ukoo wa kifalme. Jina lake Feodosia. Mjane, mumewe Gleb Morozov alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa Urusi, na shemeji yake Boris ndiye aliyemlea Tsar tangu utotoni. Akitoka kwenda mjini watumishi zaidi ya mia walifuata gari lake. Sasa ndiyo muone ile sleji ya kubebea nyasi. Waliompandisha humo walijua wanachofanya.

Alianza kwa kuwaficha watu wa imani ya kale nyumbani kwake. Akala kiapo cha utawa kwa siri, akaitwa Theodora. Kilichomponza hasa ni harusi. Januari 1671 Tsar alikuwa anaoa mke wa pili, Natalia Naryshkina, na Morozova kwa cheo chake alitakiwa awe mstari wa mbele. Akatuma ujumbe kwamba miguu inauma. Nyinyi wa Kilimanjaro mnajua maana ya kukosa harusi ya mkubwa kwa kisingizio cha miguu.

Jambo jingine. Yule mwanamke anayetembea kulia kwa sleji, mikono ameifumbata kifuani, ni mdogo wake, Evdokia Urusova, mke wa bwana mkubwa. Kihistoria naye alikamatwa pamoja na dada yake, wote walitiwa minyororo. Surikov alijua. Akamwacha atembee.

#8 Ndizi Mshare

Shikamoo mzee. Hapo kwa mdogo mtu ndipo bibi anapoingia. Nakuja.

#9 Fundi Brashi (Arusha)

Naomba nami niseme, maana hii ni kazi yangu. Nachora Arusha, nauza kwa watalii, tembo na machweo, Mungu anisamehe, ada za watoto zinalipwa na tembo. Lakini huyu Surikov nimemsoma na kumsoma.

Kwanza alikuwa mtu wa Krasnoyarsk, Siberia, ukoo wa Kikosaki, wale askari wapanda farasi. Yaani mtu wa mkoani. Habari za Morozova alizisikia kwa shangazi yake, akiwa mtoto.

Pili, unajua wazo la picha lilimjia vipi? Aliona kunguru juu ya theluji, bawa moja limening'inia, doa jeusi kwenye weupe. Miaka ikapita hakumsahau. Ile nguo nyeusi katikati ya theluji ndiyo yule kunguru. Sisi tungemfukuza kwa jiwe.

Tatu, na hapa wachoraji wenzangu msome mara mbili. Alichora umati kwanza. Watu wote wale, sura kwa sura, kisha akaanza kuutafuta uso wa Morozova akashindwa. Kila uso aliouweka umati uliumeza. Alimjaribu shangazi yake mwingine, ikawa karibu lakini bado. Kasisi wa Waumini wa Kale, Avvakum, alikuwa amemwandikia Morozova kwamba vidole vyake ni vyembamba, macho yake ni umeme, na anawarukia maadui kama simba. Sasa nenda mtaani kamtafute mtu wa hivyo umwambie akae umchore. Mwisho akaja mama mmoja kutoka milima ya Ural, msomaji wa vitabu vya Waumini wa Kale, akamchora bustanini kwa saa mbili tu. Alipoubandika uso ule kwenye picha, umati wote ukanywea.

Yule mpumbavu wa Kristo alikuwa muuza matango sokoni. Surikov alimkalisha kwenye theluji kweli, peku, akamsugua miguu kwa vodka. Akamlipa rubo 3, fedha ya Kirusi. Jamaa kitu cha kwanza alichofanya ni kukodi gari zuri la farasi kwa rubo 1 na kopeki 75. Bodaboda wa Kilombero wangempenda huyu.

#10 Kijana wa Majengo

🤣🤣 Pesa yote kwenye nauli, Mchaga hawezi.

#11 Fundi Brashi (Arusha)

Sijamaliza. Kubwa kuliko yote ni sleji. Alichora, ikagoma kwenda. Kila kitu kipo, farasi, nyasi, watu, lakini imesimama kama daladala lililoisha mafuta. Akawa anatoka nje kuzifukuza sleji za watu akitazama mikwaruzo inayobaki nyuma. Akaongeza kitambaa chini, akaongeza tena, mpaka siku moja ikaondoka. Ule uwanja mtupu wa theluji chini ya picha, wenye alama mbili za sleji, unaona kama hauna kazi. Mwandishi Leo Tolstoy na mkewe walipoonyeshwa walimshauri aukate, chini hapana maana. Akawajibu kwamba hakipunguzwi kitu, sleji itasimama.

Nikijaribu kuwaeleza vijana wangu karakana nawaambia: pale patupu ndipo uliposimama wewe mtazamaji. Sleji inaondoka inakuacha wewe. Na kuna mtoto anakimbia nyuma yake, ametupa mgongo. Hatuuoni uso wake. Miaka yote najiuliza alikuwa anacheka au analia.

#12 Simba wa Tambarare

Mambo ya wazungu haya yanatuhusu nini? Dada zetu wanakosa maji ya bomba nyinyi mnajadili theluji na vidole. Ukoloni wa akili.

#13 Bint Athumani

Simba, mimi ni Muislamu wa Njoro hapahapa Moshi na yananihusu. Kwetu kuna wanaofuata mwezi ulioonekana hapa nchini na wanaofuata mwezi ukiandama popote duniani. Kuna mwaka baba mdogo alipika pilau Idi yake, harufu inaingia dirishani kwetu, sisi tumefunga. Mama akafunga dirisha. Kesho yake tukapika sisi, baba mdogo akafunga la kwake. Nyumba zinatenganishwa na kamba ya kuanikia nguo! Sisi watoto tulikula Idi zote mbili kwa siri, upande wa choo. Mpaka leo sijui tulipata dhambi au thawabu.

Maji ya bomba nakuunga mkono, fungua uzi nitakuja.

#14 Mama Wawili

Bint Athumani umenikumbusha yangu. Mimi ni wa Machame, Mlutheri. Mume wangu wa Kibosho, Mkatoliki. Wasio wa huku wanaweza wasielewe, kwa hiyo: mlima huu wamisionari waligawana kwa mangi, yaani mtawala wa Kichaga. Mapadri wa Roho Mtakatifu walishika Kilema na Kibosho, Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Mangi akipokea hawa, watu wake wengi wanakuwa hawa. Ukivuka mto Weruweru umebadilisha dhehebu, na ugomvi wa Machame na Kibosho ulikuwepo hata kabla ya Biblia kufika.

Harusi yetu ilifungwa kwao. Baba yangu hakuingia kanisani. Alisema hana ugomvi na mtu, ila miguu yake haijui njia ya mle ndani. (Meku, naona miguu ndiyo kisingizio cha dunia nzima.) Alikaa nje chini ya mringaringa na suti yake, kofia magotini, misa nzima, karibu saa mbili na nusu. Tulipotoka alisimama akapiga makofi kuliko wote. Kwenye albamu kuna picha moja ambayo mpiga picha aliipiga kwa bahati mbaya: mlango wa kanisa umefunguliwa, na mbali kule nje, mdogo kama kidole, mzee amekaa chini ya mti. Hiyo ndiyo ninayoipenda.

#15 Mpenda Mtori

Mama Wawili umeniumiza. Meku, mwisho wa huyo mama Morozova ulikuwaje? Alisamehewa?

#16 Meku Mstaafu

Hapana. Mtoto wake wa pekee, Ivan, alikufa muda mfupi baada ya mama kukamatwa. Yeye na mdogo wake wakapelekwa Borovsk, kusini-magharibi ya Moscow, wakatiwa kwenye shimo la udongo. Humo walinyimwa chakula. Evdokia alikufa Septemba 1675. Feodosia akafuata Novemba.

Masimulizi ya Waumini wa Kale yana kipande ambacho yule mwalimu wetu mnene alitusomea huku anapenga kamasi. Morozova alipozidiwa na njaa alimwita askari wa zamu, akamwomba andazi. Askari akasema bibi, naogopa. Akaomba mkate. Naogopa. Akaomba makombo makavu. Askari analia, anasema naogopa. Basi, akasema, asante. Siku nyingine akamwomba amfulie shati, maana anakaribia kufa na haifai kwenda mbele za Mungu na nguo chafu. Hapo askari akakubali. Akalificha shati ndani ya nguo zake, akashuka mtoni akalifua, wanasema kwa maji ya mto na ya macho yake.

Mkate hakuweza, shati aliweza. Nimezeeka bado namfikiria yule askari kuliko Tsar na Nikon wote.

Avvakum alichomwa moto mwaka 1682. Laana zilizotolewa na lile baraza zilifutwa rasmi na kanisa la Moscow mwaka 1971. Hesabuni wenyewe, miaka 300 kamili tangu ile sleji. Mimi nilifika Moscow muda si mrefu baadaye, hakuna aliyekuwa anazungumzia.

#17 Kijana wa Majengo

Ndizi umekula mpaka saa hii? Tunamsubiri bibi.

#18 Ndizi Mshare

Nipo. Nilikuwa nafuta na kuandika upya. Sitataja kijiji wala dhehebu, wahusika wengine wazima na wajukuu wako humu.

Bibi mzaa baba alikuwa na mdogo wake, tulimwita Bibi Mdogo. Waliolewa na ndugu wawili, vihamba (mashamba ya nyumbani) vimepakana, mpaka ni mstari wa masale, mimea ya kupandwa mipakani. Kwaya walisimama bega kwa bega tangu usichana, bibi sauti ya juu, mdogo wake ya chini. Kisha usharika ukagawanyika. Ukiuliza sababu utapewa tano: mchungaji kuhamishwa, hesabu za mavuno, nani aitwe nani. Nusu ya watu wakatoka, wakajenga kanisa la mabati ng'ambo ya mfongo, mfereji wetu wa maji. Bibi akabaki. Bibi Mdogo akaondoka.

Miaka tisa. Hawakutukanana hata siku moja. Wangetukanana labda ingekuwa nafuu. Ilikuwa tu bibi akienda kuchota maji anasubiri mwenzake aondoke. Jumapili asubuhi ungesimama kwenye migomba ungesikia makanisa mawili yanaimba wimbo uleule, hawa wako ubeti wa pili, wale wa tatu. Bibi akipalilia kahawa huku akiimba sauti ya juu peke yake, ilikuwa inasikika kama imekatwa nusu.

Akiwa bado mzima aliletwa mjini kutibiwa macho, akakaa kwetu wiki mbili. Kitambaa kilipoondolewa, kitu cha kwanza alichokitazama sana ni ile picha. Alivuta kigoda akakaa mbele yake nusu saa. Nilikuwa darasa la tano, nafanya hesabu mezani, nikawa namtazama yeye.

Akamwuliza baba: "Huyu mama wanampeleka wapi?"

Gerezani.

"Kwa kosa gani?"

Baba akamweleza ya vidole, viwili na vitatu. Bibi akanyanyua mkono wake mwenyewe akavitazama vidole, akavikunja, akavifungua. Akasema yule anayecheka hana meno. Kisha akanyoosha kidole kwa yule aliyefumbata mikono.

"Na huyu anayetembea naye?"

"Ni mdogo wake."

Bibi hakuuliza tena. Akaomba maji ya kunywa. Usiku nilisikia anamwambia mama kwamba picha ile iondolewe pale karibu na redio, inazuia usingizi.

Bibi Mdogo alifariki mwaka uliofuata. Kule ng'ambo wakasema watamzika wao, na wa upande wetu wasishike jeneza wala kuimba. Kwetu wazee wakapita nyumba kwa nyumba kukumbusha kwamba atakayekwenda mazishini atajibu. Baba alikasirika, akasema atakwenda, bibi akamwambia nyamaza.

Siku ya mazishi jeneza lilipitishwa njia ya chini, kati ya vihamba viwili. Mvua ilikuwa imenyesha, njia tope tupu. Watu wamesimama kandokando. Wa kwetu wengine wamegeuza migongo kama wanakagua migomba. Kijana mmoja wa jirani alicheka, sijui alicheka nini, nilimkumbuka juzi nilipomwona yule padri wa koti la manyoya. Bibi alikuwa ndani ya mstari wa masale, ndani kabisa, majani yamemziba mpaka kifuani.

Jeneza lilipofika usawa wake akatoka. Hakushika jeneza, hakuimba, kwa hiyo hakuvunja amri ya mtu. Akatembea pembeni yake tu, mikono ameifumbata, mpaka kwenye mfongo. Pale pana ubao mmoja wa kuvukia, wabebaji wakasimama kujipanga. Ndipo nikaona ndani ya mikono alikuwa na jani la isale. Ambao si Wachaga, jani hilo ukimpelekea mtu umemwomba radhi, na anayepelekewa kwa mila hawezi kukataa. Akalichomeka chini ya utepe wa sanduku. Mtoto wa Bibi Mdogo, ambaye ndiye alikuwa mbele kulia, aliliona. Angeweza kulitoa. Akabadilisha bega, akavuka nalo.

Hayo yote mimi niliyaona nikikimbia nyuma ya jeneza, peku, nimevua ndala zisiibiwe na tope. Fundi, umeuliza yule mtoto anacheka au analia. Mimi sikumbuki.

#19 Mama Wawili

Nimefunga duka nakaa tu.

#20 Simba wa Tambarare

Mkuu nifutie lile la ukoloni. Kwa bibi yangu Rombo kuna stori kama hii, ila siiwezi leo.

#21 Meku Mstaafu

Baba yako anayajua haya ya jani?

#22 Ndizi Mshare

Alikuwa nyuma sana, hakuona. Nilimweleza juzi tukiwa tumekaa na bango limetandazwa sakafuni, tumelikandamiza pembe kwa vikombe. Alikaa kimya, kisha akasema bibi alipomwambia anyamaze alidhani amewaogopa wazee.

#23 Fundi Brashi (Arusha)

Ndizi, naomba ruhusa. Nina kitambaa kikubwa hapa, nilikinunulia tembo wa mzungu mmoja ambaye hakurudi. Sitachora uso wa mtu yeyote atambulike. Ila nahitaji vitu viwili. Alivaa nini? Na njia ile, kutoka kwenye masale hadi ule ubao, ni hatua ngapi?

#24 Ndizi Mshare

Ruhusa unayo, baba kasema sawa. Kitenge cha bluu kilichopauka, khanga nyeupe begani, sweta ya kijivu imekosa kifungo cha juu. Ndala moja ilikatika akaibeba mkononi, kwa hiyo jani na ndala vilikuwa pamoja.

Hatua sizijui. Jumamosi napanda kijijini, masale bado yapo. Nitazihesabu.